Waliomwachisha Kazi Wakakataa Kumwachia

Vijana wenzangu wa meza ya usajili, mmeniomba niandike machache kuhusu kazi kabla sijasahau, nami nimekubali kwa kuwa bado nakumbuka. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilinifikia vimechelewa. Mshahara mnaujua, maana ndio huohuo mnaolalamikia ninyi. Nitaandika juu ya siku nilipoanza, juu ya mzee aliyenifundisha, na juu ya mchezaji mmoja ambaye mkasa wake ulinishtua wakati ule na bado unanishtua, hata sasa ninapokaa barazani kwangu Mafiga sina kazi zaidi ya kumwagilia mchicha.

Sikuingia kwenye mpira kwa kuupenda. Nilitoka Upare na cheti cha ustawi wa jamii, nikapangiwa kiwanda cha kamba na magunia upande wa Kihonda, mali ya umma kama vilivyokuwa viwanda vingi siku zile. Kazi yangu ilikuwa kuwashughulikia wafanyakazi waliofiwa, waliougua na waliogombana na wake zao. Siku ya kwanza bosi alinitembeza kwenye mitambo, kwenye zahanati na kwenye bwalo la chakula, mwisho akanisimamisha pembeni ya uwanja uliokuwa nyuma ya ghala, akasema na hawa pia ni wako. Walikuwa wanaume wanatiririka jasho, wanazunguka uwanja mbio. Nilidhani wanatumikia adhabu.

Ilikuwa timu ya kiwanda. Mchezaji mzuri aliajiriwa kama mfungaji wa magunia au mpakiaji, asubuhi akafunga magunia mawili matatu, alasiri akaenda mazoezini. Mpira ulihesabiwa kuwa sehemu ya ustawi wa wafanyakazi, kwa hiyo nikawa katibu wa timu nisiyejua hata kuotea ni nini.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shabani, mtunza vifaa, mtu wa Morogoro mjini aliyecheza ujanani mpaka goti lilipomkatalia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza kama najua kujaza upepo mpira. Sikujua. Akanionyesha kwamba sindano ya pampu inalowekwa mate kwanza, la sivyo inachana kibofu. Mpira ukishajaa, alisema, usiubonyeze kwa kidole kama nyanya ya sokoni, udundishe mara moja usikilize. Sindano yenyewe aliificha ndani ya kofia yake, kwa sababu hakuna kifaa kilichoibwa kama hicho. Barafu ilikaa kwenye chupa ya chai. Dawa ya kuchua ilinuka kiasi kwamba hakuna mtu njiani aliyewahi kutuomba lifti mara ya pili. Nyavu zetu zilisukwa na mafundi wetu wenyewe kwa kamba ya katani, na kipa wa timu pinzani aliyetumbukia mle ndani alitoka na michubuko. Tulijivunia sana nyavu zile.

Usajili pia alinifundisha yeye. Alisema mtazame mtu usoni kwanza, ndipo utazame picha yake, maana walikuwepo watu wanaocheza kwa jina la kaka aliyekufa. Akasema tena, hata mchezaji akiletwa na baba yake na mwenyekiti wa kijiji, muulize yeye mwenyewe kama anataka kucheza hapa. Nilipotaka kujua ni sheria gani inayosema hivyo, akanijibu kwamba hiyo ni adabu tu.

Habari ya uhamisho ilikuwa nyepesi enzi hizo. Klabu ya Dar es Salaam ikimtaka mtu wetu, ilimtafutia kwanza kazi kwenye shirika fulani huko. Akihama kazi, na mpira wake umehama. Tulinung'unika, tukamnywesha soda ya kumuaga, tukatafuta mwingine. Sikumbuki hata siku moja mtu kuuliza mchezaji ni mali ya nani. Lingekuwa swali la ajabu, kama kuuliza kikohozi cha mtu ni mali ya nani.

Pius alitufikia kwa miguu ya Mzee Shabani. Mzee alikuwa amealikwa kwenye sikukuu ya parokia moja huko milimani, upande wa Mgeta, akala pilau ya Wakristo mpaka akatosheka, kisha akaenda kutazama mpira. Uwanja wa misheni ulikuwa umeinama kama paa. Wote walikuwa wanahangaika na mpira unaoteremka, isipokuwa kijana mmoja mfupi wa winga ya kushoto, ambaye alikuwa anausubiri mahali ambapo bado haujafika. Wiki iliyofuata kijana huyo aliajiriwa kwetu, idara ya upakiaji. Nilimuuliza kama anataka kucheza kwetu, akasema anataka, kwa ile lafudhi ya milimani inayopanda mwishoni mwa sentensi. Wenzake waliicheka lafudhi hiyo mpaka mechi yake ya kwanza, baada ya hapo wakaanza kuiiga. Kwenye uwanja tambarare alilalamika jambo moja tu, kwamba unamtia usingizi.

Tulikuwa na misimu mizuri pamoja naye. Halafu mambo yakabadilika. Mifuko ya plastiki ikaingia kutoka nje, bei yake ikatushinda. Mitambo ikaanza kusimama, kwanza kwa kukosa vipuri, baadaye kwa kukosa wateja. Tukasikia neno ubinafsishaji, tukajifunza kulitamka kabla ya kulielewa. Siku moja wakaja wathamini, watu waungwana wenye mashati meupe, na mimi nikapewa kazi ya kuwaonyesha zahanati, nyumba za wafanyakazi na uwanja. Mmoja wao alisimama akawatazama wachezaji kwa muda, akaniuliza ni wangapi wanaotakiwa na klabu nyingine. Nilifikiri ananitania, nikacheka. Hakucheka. Mzee Shabani, aliyekuwa anaanika jezi, alimwambia kwamba hawa ni wafanyakazi. Yule bwana akajibu kwa upole kwamba anajua, ila timu nayo ni mali.

Kiwanda kikauzwa. Akaja meneja mpya, na muda si mrefu wafanyakazi karibu wote wakaachishwa. Sitaeleza siku ile getini, wengi wenu wazazi wenu walikuwepo getini kama hilo mahali fulani. Wachezaji walitoka pamoja na wenzao. Pius alirudi kwao kulima kabichi. Mimi nilibakizwa kwa muda nimalize mambo ya waliofukuzwa, na Mzee Shabani alibakizwa akabidhi vifaa. Alizifua jezi zote, akazikunja na kuzipanga kabatini kama nguo za mtu anayesafiri.

Hapo ndipo alipokuja kiongozi wa klabu moja kubwa ya Dar es Salaam. Alifikia nyumba ya wageni pale Msamvu, akatutafuta. Walikuwa wanamtaka Pius kwa msimu unaokuja na kilichobaki ni barua ya kumwachia tu. Nilienda kwa meneja nikiwa na furaha, nikiamini nampelekea jambo la kumalizika kabla chai haijapoa. Chai kweli alinipa. Alikuwa mtu mwenye heshima zake.

"Pius haachiwi," alisema.

"Lakini mmeshamwachisha kazi."

"Kazi, ndiyo. Uchezaji wake ni mali ya kampuni. Tumenunua kiwanda na vilivyomo."

Alitamka hivyo kwa utulivu, kama anazungumzia tangi la maji. Nikamweleza kwamba kampuni haina timu, na uwanja wenyewe umeshaanza kuwekwa makontena. Akasema haki ya kampuni haihitaji uwanja, na kwamba klabu ikimtaka kweli itajua namna ya kuja kuzungumza naye. Kisha akaniuliza kama Pius ndiye yule mrefu. Nilimjibu kwamba Pius ni mfupi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi zake.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi. Nilikuwa nimeshawaona watu wakifukuzwa kazi, nimewaona wakilia, lakini sikuwahi kuona mtu akifukuzwa na kuzuiliwa kwa wakati mmoja. Mzee Shabani alikuja akakaa kando yangu. Nilimsimulia. Kwa kawaida alikuwa na jibu la kila kitu. Safari hii aliniomba nirudie, kisha akaniomba nirudie tena.

Tukaamua kupeleka shauri kwenye kamati ya mpira. Kamati ikasema itatusikiliza, ila mchezaji aje na wazee wake. Basi tukapanda mlimani kuwaita. Gari lilituacha barabara ilipokomea, tukaendelea kwa miguu katikati ya matuta ya karoti na kabichi, baridi inapenya kwenye sweta. Mzee Shabani na goti lake alikuwa mbele yangu njia nzima.

Nyumbani kwa kina Pius tulimkuta baba, mama na Pius mwenyewe, jembe mkononi. Mimi ni Mpare. Nilijipanga mbele ya baba nikamweleza habari yote kwa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akasema jambo hilo si la kwake, niende kwa mjomba. Nilimgeukia Mzee Shabani na nikaona kwamba alijua toka mwanzo, ameniacha tu nijichoshe. Kule mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba atamlea, atamfundisha jembe, lakini neno la mwisho juu yake liko kwa kaka wa mama.

Mjomba, Mzee Kobelo, alikuwa mtu mwembamba aliyevaa koti juu ya koti. Alitukaribisha chai, akatuambia tumechelewa. Ameshamtoa Pius kwa mtu mwingine.

Nilidhani sijasikia vizuri. Akatueleza polepole. Lori la ushirika lilikuwa limesimama juu ya mawe, halina magurudumu. Lori pekee lililokuwa likipanda kuchukua mboga kwenda Kariakoo lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mjini, mshabiki mkubwa wa mpira. Mfanyabiashara huyo alikuwa amemwomba mjomba ampe Pius. Popote Pius atakapocheza, klabu yoyote itakayomtaka, itapitia kwake yeye, na kitakachopatikana kitapita mkononi mwake kwanza. Nalo lori lake litaanzia kitongoji hiki kila wakati wa soko, kabla ya vitongoji vingine. Mzee Kobelo alikubali mbele ya mashahidi.

Nilimuuliza Pius kama alikuwa anajua.

"Nimesikia leo," alisema.

Mjomba hakuinamisha kichwa. Alinitazama kama mtu anayetaka kuhukumiwa sawasawa. "Mwanangu, lori lisipokuja hapa tunalisha nguruwe kabichi. Kabichi za watu wote hawa unaowaona. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho yule bwana alikitaka."

Tuliteremka. Nilikuwa nimepanda kuomba msaada dhidi ya mtu mmoja aliyejiita mwenye mali, nikateremka nikijua wako wawili. Tulipofika kwenye gari, Mzee Shabani alisema katika miaka yake yote ya mpira ameona wachezaji wakiibwa, wakifichwa na wakitoroshwa, lakini hajaona mtu akigawanywa akiwa bado mzima.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Meneja alizungumza vizuri, akaeleza ununuzi wa kiwanda. Mfanyabiashara wa lori alizungumza vizuri zaidi, akaeleza makubaliano yake na mjomba, akasema yeye anaheshimu mila za wenyeji kuliko watu wa makampuni. Watu walimpigia makofi. Pius alikuwa amekaa benchi la nyuma karibu na mlango, mikono katikati ya magoti, na wasemaji wote wawili walipomtaja walikuwa wananyoosha kidole upande ambao hakuwepo.

Mwenyekiti akamwita Mzee Kobelo athibitishe. Mzee alisimama, akavua kofia.

"Nilimpa huyu bwana mchezo wa mpwa wangu," alisema. "Sikujua kwamba anayechukua mchezo anachukua na mtu. Neno langu nalirudisha."

Mfanyabiashara alisema kama ni hivyo, lori halitapanda.

"Najua," mzee akajibu, akakaa.

Nimehudhuria vikao vingi tangu siku ile, vya mpira na visivyo vya mpira, na sijaona tena mtu akiachia kitu kikubwa namna ile bila kupandisha sauti. Lori kweli halikupanda. Wakati wa soko uliofuata watu wa kitongoji chake walibeba mboga vichwani mpaka barabara kubwa, na zilizobaki zikaozea kwenye matuta. Wapo waliomlaumu wazi mbele ya kanisa. Niliambiwa hakujitetea.

Akabaki meneja. Kamati ilisoma kanuni zake, na kanuni zilikuwa wazi. Klabu ya kiwanda bado imeandikishwa, na maadamu inaleta timu uwanjani wachezaji wake ni wake. Isipoleta timu kwenye mechi ya kwanza ya msimu inafutwa, na wachezaji wote wanakuwa huru. Na mchezaji atakayeitwa na klabu yake akakataa kuja, msimu mzima hachezi popote.

Mzee Shabani na mimi tulitoka ukumbini karibu tucheze ngoma. Timu gani? Wachezaji walikuwa wametawanyika, mwingine anauza mitumba, mwingine amerudi kwao Kigoma. Kilichotakiwa ni kusubiri siku ya mechi, timu isitokee, mwamuzi apulize filimbi, mambo yaishe. Kiongozi wa Dar es Salaam alikubali kusubiri. Pius alikubali kuteremka siku hiyo, ashuhudie kwa macho yake anavyokuwa huru.

Nilivaa gauni langu la sikukuu. Uwanja wa mjini ulikuwa na watu, maana habari ilikuwa imeenea mjini kote. Timu pinzani ilikuwa inapasha misuli moto, na upande wetu ulikuwa mtupu, nyasi tu. Mwamuzi alikuwa anatazama saa yake. Ndipo lori la kampuni lilipoingia getini.

Nyuma waliteremka walinzi. Walikuwa walinzi wa kampuni, wale wa getini na wa ghala, wamevaa jezi zetu, zile ambazo Mzee Shabani alikuwa amezifua na kuzikunja. Wachache walikuwa na daluga. Wengine walikuwa na mabuti yao ya kazi, yale mazito ya ngozi. Mmoja alikuwa na tumbo lililoinua jezi mpaka kitovu kikaonekana. Walijipanga mstari, na mmoja wao akampigia mwamuzi saluti kwa mazoea. Meneja alishuka kutoka kiti cha mbele, akakabidhi majina, na jina la Pius lilikuwemo.

Watu walicheka kwanza. Mimi sikuweza. Mtu alikuwa tayari kuvalisha kikosi kizima, kumpotezea mwamuzi muda wake na mji mzima alasiri yake, ili asimwachie mwenzake ambaye hata kimo chake hakijui. Mzee Shabani alikaa chini kwenye nyasi, akavua kofia, akaishika mapajani.

Pius alinitazama. Akaenda akachukua jezi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliwapitia wale walinzi mmoja baada ya mwingine, akawasalimia, akawauliza majina, wakubwa akiwaamkia shikamoo, na kila mmoja akamwonyesha kwa mkono pa kusimama.

Mpira ukaanza, na vicheko vikapungua kidogo kidogo. Alikuwa anacheza nafasi zote. Alikuwa anakaba, anapora, anapiga chenga, halafu anasimama na kumsubiri mlinzi fulani afike ili ampe pasi laini, kama anavyompa mtu kikombe cha chai. Walinzi nao wakaanza kujituma. Walikuwa wanakimbilia alikoonyesha. Timu pinzani ilifunga, ikafunga tena, lakini hakuna aliyekuwa anazitazama hesabu hizo. Mlinzi mwenye tumbo alipopiga krosi ya kwanza ya maisha yake, uwanja mzima ulisimama kumshangilia, na Pius akaenda kumkumbatia.

Ilitokea kipindi cha pili, mbele ya goli letu. Mpira ulikuwa unadunda, Pius amewahi, na mlinzi mmoja kijana, mwenye moyo kuliko wote, akaja mbio kuuondoa kwa nguvu zake zote. Buti lake likampata Pius kwenye ugoko. Nilikuwa mbali, upande wa pili wa uwanja, na sauti ile niliisikia.

Yule mlinzi alipiga magoti pale pale na kushika kichwa. Mfupa ulikuwa umetoka nje. Tulikimbia kutafuta lori la kampuni, tukaambiwa meneja ameondoka nalo wakati wa mapumziko. Timu ilikuwa imeshaonekana uwanjani na mwamuzi ameshaandika, hakuwa na sababu ya kungoja. Walinzi waling'oa mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, wakamlaza Pius juu yake, wakambeba mabegani mpaka barabarani, jezi zimelowa. Pick-up ya muuza vitunguu ilitufikisha hospitali.

Muuguzi wa mapokezi alikuwa mama mmoja asiye na maneno mengi. Aliuliza kama anavyouliza kila siku kwa kila anayeingia:

"Mwenye mgonjwa ni nani?"

Mzee Shabani alinitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tumetoka kusikia watu wakigombana kwa ajili ya swali hilo, na sasa lilikuwa limeulizwa na hakuna aliyejibu.

Nilienda kiwandani mwenyewe. Meneja hakutoka, alituma jibu getini kwamba huyo si mfanyakazi wa kampuni, ameshaachishwa. Nilimpata mfanyabiashara wa lori sokoni, akaniambia nimwulize mwenye jezi. Pale Msamvu mhudumu wa nyumba ya wageni alinieleza kwamba mgeni wa Dar es Salaam amepanda basi mara tu aliposikia habari ya mguu. Nilirudi hospitali. Nikawakuta walinzi kwenye korido, bado na jezi zetu, wamekunja mikono. Walikuwa wamejitokeza kutoa damu. Yule kijana wa buti alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mjomba alifika kesho yake mchana, pamoja na mama na baba wa Pius. Sehemu kubwa ya njia walitembea, kwa sababu lori lilikuwa halipandi tena. Koti lake la juu lilikuwa na matope mpaka kiunoni. Alikwenda moja kwa moja mezani kwa muuguzi, akasema, "Ni wangu." Muuguzi akamuuliza kama yeye ndiye baba. Akasema ni mjomba. Muuguzi akasema anamtaka baba aweke saini ya upasuaji. Na baba, aliyekuwa amesimama nyuma na kikapu cha chakula, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Andika mjomba."

Pius alipona, ingawa mguu ulibaki mfupi kidogo, na mpira wa kushindana hakuucheza tena. Analima mpaka leo, ana watoto wakubwa, na anafundisha vijana kwenye uwanja ule ulioinama. Malori yanayopanda siku hizi ni mengi, hakuna anayembembeleza mwenye lori. Mzee Shabani alifariki mimi nikiwa nimeshahamia usajili. Walinzi wale walikuja kumzika. Lakini hayo ni ya baadaye, na siku ninayotaka kumalizia nayo ni ile ya wodini.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Pius alikuwa amelazwa, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa. Mama yake alikuwa anamnywesha uji ulioletwa na yule kijana wa buti, ambaye hakukosa hata siku moja. Tarishi wa kampuni akaingia, akauliza kitanda, akanikabidhi barua. Niliisoma kwa sauti kwa kuwa Pius aliniomba. Meneja alikuwa anaarifu kwamba kampuni haina tena pingamizi, na kuanzia tarehe ya barua hiyo Pius yuko huru kujiunga na klabu yoyote aitakayo. Ilikuwa imegongwa mhuri na kutiwa saini, Kiswahili chake safi kabisa.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza shingo kusikiliza. Mzee Kobelo, ambaye Kiswahili cha ofisini kilimpa taabu, akataka kujua imesema nini. Pius akamweleza kwa Kiluguru, taratibu, macho yake yakiwa darini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akafikiri. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa nimeshika karatasi.

"Mwanangu," alisema, "kwani kabla ya leo alikuwa nani?"

Nimeandikisha wachezaji mpaka nimestaafu, na mzee yule sijampa jibu.